Majina katika Daftari la Maskini

Masomo: Ezra 2:59-63, 1 Timoteo 5:3-16, Luka 10:20



Tunafungua Ezra sura ya 2. Ni sura ambayo wasomaji wengi wanairuka, sababu wanaona ni majina tu: wana wa fulani, watu kadhaa, wana wa fulani, watu kadhaa. Lakini tukifika mstari wa 59 tunakuta jambo la kuumiza moyo. Kati ya watu waliorudi kutoka Babeli kulikuwa jamaa tatu, watu 652, ambao hawakuweza kuonyesha nyumba ya baba zao. Walisema ni Waisraeli, lakini karatasi hakuna. Hata makuhani wengine walitafuta majina yao katika buku la vizazi, wasiyaone, wakaondolewa katika kazi ya ukuhani mpaka Mungu mwenyewe aseme neno juu yao.

Watu hawa hawakufanya kosa. Walihamishwa kwa nguvu. Vita vilivunja nyumba, vikachoma maandiko, na miaka ikapita. Sisi wa Kongo hatuhitaji mwalimu wa kutueleza jambo hilo. Katika makanisa yetu kuna mama aliyekimbia na mtoto mgongoni bila karatasi hata moja, na leo mtoto yule amekuwa kijana, anauliza: Mama, mimi nilizaliwa wapi? Babu yangu aliitwa nani? Nani anaweza kunishuhudia?

Basi leo tunataka kujifunza kwa ndugu zetu wa imani wa zamani, Wakristo wa Ufaransa walioitwa Wahugenoti. Wengi wao walikuwa wafumaji wa nguo. Walipoteza nchi, nyumba na kazi. Lakini wajukuu wa wajukuu wao, hata leo, wanaweza kuyapata majina yao. Wanayapata wapi? Si katika vitabu vya wafalme. Wanayapata katika madaftari ya kanisa, na zaidi katika madaftari ya msaada wa maskini.

WAHUGENOTI WALIKUWA NANI?

Walikuwa Waprotestanti wa Ufaransa. Waliteswa sana, katika Agosti 1572 maelfu waliuawa, kuanzia Paris. Mwaka 1598 mfalme Henri IV alitoa amri ya Nantes, akawapa ruhusa ya kuabudu mahali fulani fulani. Lakini mwaka 1685 mjukuu wake, Louis XIV, alifuta amri ile. Mahekalu yao yakabomolewa. Wachungaji wakapewa siku 15 kutoka katika nchi. Na washiriki? Wao walikatazwa kutoka. Mwanaume aliyekamatwa njiani alipelekwa kupiga makasia katika meli za mfalme, amefungwa mnyororo. Mwanamke alitiwa gerezani. Hata mbele ya mwaka ule, askari walikuwa wakiingizwa kulala na kula katika nyumba za waamini, wakiharibu kila kitu, mpaka mwenye nyumba akubali kuikana imani yake.

Pamoja na hayo, watu karibu 200,000 walitoroka. Walikwenda Uholanzi, Uswisi, Ujerumani na Uingereza. Wengine walifika hata hapa Afrika, kule Cape, kuanzia mwaka 1688. Neno lenyewe la Kifaransa la kusema mkimbizi liliingia katika Kiingereza kwa ajili yao.

Wengi waliofika London walikaa upande wa mashariki wa mji, katika mtaa wa Spitalfields. Kazi yao ilikuwa kufuma hariri. Mtu alikuwa na mashine yake ya mbao ndani ya nyumba, juu kabisa chini ya paa, mahali penye madirisha makubwa, ili apate mwanga. Mke na watoto walisaidia kukunja na kuandaa nyuzi. Hapa tunamkumbuka Akila na Prisila katika Matendo 18: mume na mke waliofukuzwa Roma kwa amri ya mtawala, wakafika Korinto na mikono yao na ufundi wao, na katika nyumba yao mtume Paulo akapata kazi na mahali pa kulala. Mkimbizi mwenye ufundi ni baraka kwa mji unaompokea.

Sasa tuangalie madaftari matatu ya watu hawa.

1. DAFTARI LA USHUHUDA

Kanisa la Wafaransa la Threadneedle Street, London, lilikuwa tayari tangu mwaka 1550. Mgeni alipofika pale na kusema, mimi ni ndugu, wazee wa kanisa waliomwomba ushuhuda: barua kutoka kanisa alikotoka, inayosema kwamba fulani ni mwamini, mwenendo wake ni mzuri, anaweza kupokelewa kwenye meza ya Bwana. Wazee waliandika katika daftari: jina, mahali alikotoka, siku aliyopokelewa.

Kwa wazee ilikuwa kazi ya kila wiki, mistari miwili mitatu ya wino. Hawakujua kwamba miaka 300 baadaye mtu angelia machozi juu ya mistari ile. Sababu mara nyingi ndiyo inayoonyesha mji au jimbo ambalo jamaa ilitoka. Bila mstari ule mjukuu anajua tu kwamba walikuwa Wafaransa. Akiupata, anajua njia ya kurudi mpaka kwenye kijiji.

Hivyo hivyo daftari la ubatizo. Wafaransa wale walibatiza watoto wadogo. Sisi tunawabariki watoto na tunabatiza kwa maji mengi yule aliyeamini mwenyewe. Juu ya jambo hilo hatufuati njia moja. Lakini angalieni namna walivyoandika: jina la mtoto, jina la baba, jina la mama pamoja na jina la ukoo wake mwenyewe, na majina ya wasimamizi wa ubatizo. Katika vitabu vingi vya Waingereza mama aliandikwa jina la kwanza tu, ukoo wake ukapotea. Wafaransa waliandika ukoo wa mama, na leo mtafutaji anapata njia mbili, ya baba na ya mama. Wasimamizi nao mara nyingi walikuwa ndugu au majirani kutoka sehemu moja ya Ufaransa, kwa hiyo hata jina lao ni alama ya kuonyesha njia.

Paulo naye alipomwandikia Timoteo habari ya imani yake hakumtaja baba. Alitaja bibi yake Loisi na mama yake Eunike. Kanisa lisilotunza majina ya mama zake linapoteza nusu ya historia yake.

2. DAFTARI LA WALIORUDI

Hili ni daftari zito, na tunaomba tulisikilize kwa moyo wa upole.

Si Wahugenoti wote walisimama imara. Askari walipoingia nyumbani, wakampiga baba, wakatishia kuchukua watoto, wengi waliweka sahihi. Waliandika kwamba wameacha imani yao. Baadaye walitoroka, wakafika London, dhamiri ikiwauma usiku na mchana. Kanisa lilifanya nini nao?

Halikuwafungia mlango. Wala halikusema, jambo hili si kitu, ingia tu. Mtu alisimama mbele ya kusanyiko, akakiri kwamba alikana kwa kulazimishwa, akaomba rehema ya Mungu, na kanisa likampokea tena. Jina lake likaandikwa. Mambo ya namna hii tunayo katika vitabu vya Threadneedle Street, na vilevile katika kitabu cha kanisa lingine la Wafaransa pale London, lililoitwa Savoy. Baada ya mwaka 1685 majina yalikuwa mengi. Leo mtu anayetafuta babu yake anaweza kumkuta hapo kwanza kabisa: si kama shujaa, bali kama mtu aliyeanguka akainuliwa.

Na je, walikuwako waliosimama? Ndiyo. Marie Durand alifungwa katika mnara wa Aigues-Mortes mwaka 1730 kwa ajili ya imani, akatoka mwaka 1768. Miaka 38! Tunamshukuru Mungu kwa watu kama Marie. Lakini Bwana wetu alimpokea Petro vilevile, yeye aliyemkana mara tatu karibu na moto, na karibu na moto mwingine wa makaa, kando ya bahari, akamrudishia kazi ya kulisha kondoo.

Ndugu, katika nchi yetu wako waliolazimishwa. Kuna kijana aliyechukuliwa na watu wenye silaha, akanyweshwa dawa, akaapishwa viapo. Kuna binti aliyefanywa mke wa mtu kwa nguvu. Kuna mzee aliyesema maneno asiyoyaamini ili watoto wake wasiuawe. Wamerudi, wanakaa viti vya nyuma kanisani, na kila wakiingia wanasikia minong'ono. Tunauliza: mlango wao uko wapi? Anayehitaji kutubu atubu, kanisa liombe naye, limpokee, na neno liishie pale. Na yule aliyetendewa uovu bila hiari yake, kama binti yule, hana dhambi ya kukiri juu ya jambo lile. Yeye anahitaji kufarijiwa. Tukichanganya hawa wawili tunaongeza jeraha juu ya jeraha. Wazee wa London walijua kuandika siku ya kurudi kwa mtu. Sisi tusiwe wepesi kukumbuka siku ya kuanguka tu.

3. DAFTARI LA MKATE

Kazi ya hariri haikuwa ya uhakika. Tajiri alitoa nyuzi, mfumaji alifuma, akalipwa kwa kipande. Lakini jamaa ya mfalme ilipofiwa, wakubwa wote walivaa nguo za msiba miezi mingi, na hariri ya rangi ikakosa mnunuzi. Vitambaa vya bei ya chini vilipoingia kutoka India, kazi ilipungua tena. Mtu alikuwa fundi hodari mwezi huu, na mwezi ujao watoto wake hawana chakula. Wazee macho yaliisha nguvu kwa nyuzi nyembamba.

Hapo ndipo tunakuta madaftari ya msaada. Mfalme William na malkia Mary walitoa fedha kwa ajili ya wakimbizi Waprotestanti. Halmashauri ya Wafaransa wenyewe ilizigawa, na orodha za waliopokea ziliandikwa. Pale Spitalfields kulikuwa nyumba ya rehema ambayo watu waliiita tu la Soupe, yaani Supu, sababu maskini walipata pale mkate, mchuzi na nyama. Na mwaka 1718 hospitali ya Waprotestanti Wafaransa ilipata hati ya mfalme George I. Ilianza kwa urithi wa mkimbizi mmoja, Jacques de Gastigny, aliyeacha fedha kwa ajili ya maskini wa watu wake. Wakimbizi waliiita La Providence, yaani maongozi ya Mungu. Wazee, wagonjwa, na watu wenye ugonjwa wa akili walipokelewa humo, majina yao yakaandikwa, na umri wao, na mara nyingi mahali walipozaliwa.

Hapa kuna jambo la ajabu. Tajiri anaacha wasia, nyumba na shamba, kwa hiyo jina lake linabaki. Maskini haachi kitu. Angesahauliwa kabisa. Lakini kwa sababu siku moja alisimama katika mstari wa mkate, na shemasi mwaminifu akaandika jina lake, leo mjukuu anampata. Jambo ambalo babu yule labda alilionea aibu kuliko yote ndilo lililolinda jina lake!

Wengine wanaanza kutafuta wazee wao wakitumaini kukuta mkubwa fulani mwenye upanga na jumba. Wanakuta mfumaji mzee aliyepewa shilingi chache na supu. Je, waone haya? Tusome Mathayo sura ya 1. Katika buku la ukoo wa Yesu Kristo yuko Ruthu, mjane mgeni, aliyeokota masuke nyuma ya wavunaji. Kuokota masuke ulikuwa msaada wa maskini kwa sheria ya Musa. Ruthu alikula chakula cha msaada, na jina lake limo katika ukoo wa Mwokozi.

Kwa hiyo ninyi mliopokea unga, maharagi na mafuta katika kambi, msiwafiche watoto wenu. Waambieni: tulikimbia, tulikuwa na njaa, Mungu alitulisha kwa mikono ya watu. Hakuna aibu katika ushuhuda huo.

Na sisi tunaogawa, tusikie 1 Timoteo 5. Paulo anasema juu ya mjane kuandikwa katika orodha. Anataja umri, mwenendo, na kwamba jamaa waanze kuwatunza watu wao wenyewe ili kanisa lisilemewe. Basi orodha ya msaada ni kitu cha kibiblia, na ni kitu kitakatifu. Katika Matendo 6 kanisa la kwanza nusura lipasuke kwa sababu wajane wa lugha moja walisahauliwa katika ugawaji wa kila siku. Mitume hawakusema, nyamazeni. Waliagiza wachaguliwe watu saba wenye sifa njema, waliojaa Roho Mtakatifu, kwa ajili ya kazi ya chakula. Sikieni vizuri: kujazwa Roho kulihitajiwa kwa kugawa chakula! Shemasi anayeandika jina la shemeji yake asiye na shida, na kufuta jina la mjane kwa sababu ya kabila lake, anaiba mkate, na tena anaiba jina la mtu.

NAMNA WATAFUTAJI WANAVYOFANYA

Anayetafuta wazee wake hawezi kuruka miaka 300 mara moja. Anaanza na walio hai. Anamuuliza bibi, anaandika. Kisha anarudi nyuma kizazi kwa kizazi, na kila hatua anatafuta karatasi ya kushuhudia. Uingereza iliandika vizazi na vifo kwa serikali kuanzia mwaka 1837. Mbele ya hapo anakwenda kwenye vitabu vya makanisa. Kwa ndoa baada ya mwaka 1754 lazima aangalie kanisa la Kianglikana, sababu sheria mpya iliamuru karibu watu wote wafunge ndoa kule. Asipojua hilo, atafikiri jamaa imepotea. Vitabu vingi vya makanisa ya Wafaransa vilikabidhiwa kwa serikali mwaka 1840, vikatunzwa. Na tangu mwaka 1885 kuna chama cha historia ya Wahugenoti pale London kilichopiga chapa vitabu vile, kimoja baada ya kingine.

Majina nayo yaligeuka. Mwandishi Mwingereza aliandika alivyosikia. Wengine walitafsiri kabisa: aliyeitwa Leblanc akawa White, Lenoir akawa Black. Na si kila mwenye jina la Kifaransa alikuwa mtoto wa wakimbizi. Kwa hiyo hadithi ya nyumbani ni mwanzo mzuri, lakini lazima ipimwe. Mungu wetu ni Mungu wa kweli. Ukoo wa kubuni haumletei utukufu.

Majengo hayakudumu kama majina. Katika njia ya Brick Lane Wahugenoti walijenga kanisa mwaka 1743. Baadaye likawa la Wamethodisti, mwaka 1898 likawa sinagogi, mwaka 1976 likawa msikiti. Kuta zimebadilisha watu, lakini majina yaliyoandikwa yanasomeka mpaka leo. Sisi tunaokusanya matoleo miaka kumi kwa ajili ya mabati na saruji, je, tumenunua hata sanduku moja la chuma la kutunza daftari la washiriki?

MAONYO MAWILI

La kwanza: Paulo anamwonya Timoteo juu ya vizazi visivyo na mwisho vinavyoleta mabishano. Tusitafute ukoo ili kujivuna au kuwadharau wa kabila lingine. Mtoto wa Mungu hakuzaliwa kwa damu wala kwa mapenzi ya mtu. Yohana sura ya 1 imelimaliza neno hilo.

La pili: siku hizi wengine wanachimba habari za babu ili kupata laana ya kuvunja, na mara nyingi na fedha za kutoza. Wapendwa, Kristo alifanyika laana kwa ajili yetu, Wagalatia 3:13. Anayeamini hahitaji kuwaogopa wafu wake. Tunakumbuka wazee ili tuone mahali Mungu alipowashika mkono.

TUFANYE NINI WIKI HII?

Kila kanisa la mahali lifungue daftari lake. Liandike jina kamili, jina la baba na la mama, mahali alikotoka mtu, tarehe ya kubarikiwa, ya ubatizo, ya ndoa, ya kufa. Liandikwe mara mbili, na daftari la pili litunzwe mahali pengine, sababu vita na moto tunavijua.

Wazazi, mtoto akizaliwa, nendeni ofisi ya etasivili mbele ya siku 90 kwisha, kama sheria yetu inavyosema. Watoto wa Wahugenoti waliobaki Ufaransa, wasiobatizwa na padri, hawakuhesabiwa mbele ya sheria mpaka amri ya mwaka 1787. Wachungaji wao walibatiza kwa siri na kuandika kwa siri. Wao walikatazwa. Sisi tunaruhusiwa, na tunakawia!

Vijana, kaeni na bibi na babu jioni moja, na kalamu mkononi. Mzee akifa, hakuna wa kumwuliza.

Mashemasi, orodha ya msaada isomwe mbele ya wazee wote, na kila jina liwe na sababu yake.

Na kila mmoja wetu ajiulize jambo kubwa kuliko haya yote. Wale watu 652 wa Ezra hawakupata karatasi yao. Wako kati yetu ambao hawataipata kamwe. Kwao tunasema kwa furaha: Yesu aliwaambia wanafunzi wasifurahie uwezo juu ya pepo, bali wafurahi kwa kuwa majina yao yameandikwa mbinguni. Daftari lile halichomwi na askari, halifutwi na shemasi mbaya. Mtoto asiyejua baba yake anaandikwa humo. Mjane asiyejua kusoma anaandikwa humo. Aliyeanguka akarudi anaandikwa humo. Kama jina lako halijaandikwa, leo ni siku ya kumwita Bwana.

Tuombe. Baba, unayejua jina la kila mtu, wakumbuke waliopotewa na watu wao. Warudishe waliolazimishwa kukukana. Wape wazee na mashemasi wetu mikono safi katika orodha ya mkate. Utusaidie kuandika kwa kweli yale uliyotutendea, ili wajukuu wetu wayasome na kukusifu. Na majina yetu sote yawe katika kitabu cha uzima cha Mwana-Kondoo. Katika jina la Yesu Kristo. Amina.